Mchanga wa Chini ya Mkunazi

Mchanga ulionekana kwanza kwenye kina kirefu cha bwawa la kuogelea la uani, mstari mwembamba, kama chumvi iliyomwagika jikoni. Zuwaina aliufyonza kwa bomba, akaenda kupika. Kesho yake ulikuwapo tena, na safari hii ulikuwa na umbo la unyayo wa mtu.

"Baba Asila, njoo uone kichujio chako kinavyotapika!"

Mundhir alitoka na kikombe cha kahawa mkononi, akatazama, akacheka. "Kipya hicho. Kitatulia."

"Ningepewa cha karatasi, sasa hivi ningekuwa nimelala."

"Ungekuwa unaosha karatasi."

Hayo walikuwa wameshayagombania dukani. Muuzaji aliwaonyesha cha unga, kinachotakasa maji yakawa kama kioo lakini hakitaki mtu mvivu. Cha karatasi, kinachofunguliwa na kupigwa maji ya mpira. Na cha mchanga, pipa kubwa ambalo maji hugeuzwa yapite kinyume yakasukuma uchafu nje. Zuwaina alitaka cha karatasi. Mundhir akataka cha mchanga, kwa kuwa maji ya kuoshea pipa yangekwenda kwenye mitende. Kwao Samail watu hupeana zamu ya maji ya mfereji kwa saa, na anayemwaga maji njiani husemwa mpaka msikitini. Kwa hilo Zuwaina akakubali. Bomba likalazwa mpaka kwenye mtende wa ukutani, ule wenye tende tamu kuliko yote.

Mchana ule, baada ya chakula, nyumba nzima ililala kwa joto. Zuwaina alikuwa akisugua sufuria ya wali aliposikia pampu ikinguruma. Alikuwa ameizima mwenyewe. Alitoka. Pampu ilikuwa imezima kweli, hata joto haina, na mngurumo ulikuwa unatoka ndani ya pipa, taratibu, kama mtu anayetafuna mchanga kwa meno mabovu. Palinuka udongo ulioonja mvua, na mvua Samail ilikuwa haijanyesha tangu majira ya baridi.

Asila, mtoto wake wa pekee, alikuwa amechuchumaa pale, sikio kwenye pipa.

"Unafanya nini hapo?"

"Shh, mama. Anasema anabanwa."

"Nani?"

"Aliye ndani. Anasema mimi nikiingia, yeye atatoka."

Zuwaina alimbeba mbiombio mpaka kwa mama mkwe wake, Bi Shamsa, akamwamsha. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mwanawe aliyekuwa mlangoni anafikicha macho.

"Mundhir. Mchanga huo uliununua?"

Mundhir akakuna shingo. "Nilichota kule bondeni, mama. Nikauchekecha vizuri."

"Bondeni wapi?"

"Kwenye kijiji kilichohamwa."

"Chini ya mkunazi?"

Mundhir akatazama miguu yake.

"Hata bismillahi hukupiga?"

"Mama, mchanga tu ule!"

"Mchanga tu!" Bibi alishusha sauti, kana kwamba kuna mtu nyuma ya ukuta. "Na aliyekuwa amelala juu yake ulimwomba asogee? Umemtia ndani ya pipa, unamsukumia maji usoni kila siku, halafu unasema mchanga tu. Mpigie Maalim Nabhan. Sasa hivi!"

Wakageuka kutafuta simu. Walipogeuka tena, Asila hakuwapo.

Zuwaina alikimbia huku akiita, na alipofika ukingoni alimwona mwanawe chini kabisa ya maji, haelei, hatapatapi, amesimama wima kama mtu anayesubiri zamu yake dukani, macho wazi, nywele zimepanda juu, mguu wake mdogo umewekwa ndani ya ule unyayo mkubwa wa mchanga, na unyayo ukijikunja polepole kuuzunguka kama mkono unavyofumba, na Zuwaina akajirusha na nguo zake zote, akavuta, akavutwa, akavuta tena huku akisoma kila aya aliyoikumbuka na nyingine akizichanganya, mpaka kitu kule chini kikaachia.

Asila alikohoa. Alitoa mchanga kabla ya kutoa maji.

Maalim Nabhan alifika kabla ya alasiri. Aliweka kiganja juu ya pipa, akakiondoa haraka kama aliyeungua.

"Urudishwe wote. Msiache hata chembe. Na anayeupeleka awe aliyeuchukua."

Pipa lilipofunguliwa lilitoa pumzi ndefu yenye harufu ya nywele zinazoungua. Mundhir alichota huku akilia, Maalim akisoma juu ya kichwa chake, kisha gari likaondoka kwenda bondeni. Mundhir aliporudi alisema mkunazi ulikuwa ukitikisika, na upepo hakuna. Pipa likavunjwa. Wakafunga kichujio cha karatasi.

Maji yakatulia. Asila akalala, akala, akarudi kuwa msumbufu kama zamani. Zuwaina aliosha karatasi zake kwa mpira wala hakulalamika.

Tende zikaiva. Za kwanza huwa za majirani, na Bi Shamsa akapeleka vikapu nyumba hadi nyumba kutoka kwenye mtende wa ukutani, ambao mwaka huo ulizaa mpaka makuti yakainama. Zuwaina alikula mbili palepale, bado zina joto la jua, huku akimtafuta mwanawe.

Alimkuta ameukumbatia mtende, sikio kwenye shina. Miguuni pake lilikuwapo lile bomba la kuoshea pipa, ambalo hakuna aliyekumbuka kuling'oa.

"Asila," aliita. "Toka hapo, mwanangu."

"Mama, huku habanwi."

"Toka, nimesema."

Mtoto alikuja, akamshika mkono, akamtazama kwa huruma. "Usiogope. Anasema sasa hana haja na mimi."

Zuwaina alitaka kuuliza kwa nini. Alipofunga meno, mchanga ukalia kati yake, pamoja na utamu wa tende.