Karatasi ya Mwalimu Muthamia

Kila Ijumaa baada ya masomo, Igoki alipitia posta ya Embu kabla ya kurudi nyumbani, mtaa wa Majimbo. Shangazi yake, Phyllis, ambaye aliishi naye, alikuwa amemkabidhi ufunguo wa sanduku la barua, naye aliuvaa shingoni kwa uzi kama medali. Mara nyingi sanduku lilikuwa tupu. Lakini kila baada ya wiki kadhaa alikuta bahasha kubwa ya kaki imekunjwa humo, kona zake zimechakaa kwa safari. Siku kama hiyo hakusimama hata kwa muuza njugu. Alienda mbio hadi nyumbani.

Ilikuwa mwaka wa 1996, na picha ilikuwa kitu cha kusubiri. Ulinunua filamu ya picha thelathini na sita, ukaitumia kwa ubahili miezi miwili, ukaipeleka studio mjini, kisha ukangoja wiki nzima. Ulipopewa kile kipaketi ulikifungua papo hapo mlangoni, moyo ukidunda, maana hukujua kama utakuta nyuso za watu au ukungu mtupu.

Shangazi Phyllis alikuwa karani wa serikali, na alipenda kupiga picha kuliko kitu kingine chochote. Hakupiga za kuuza. Yeye na wenzake watatu walikuwa na daftari moja nene lililozunguka kwa posta. Kila mmoja alibandika picha yake, na wenzake wakaandika maoni: kipi kizuri, kipi kimeharibika, na kwa nini. Daftari lilitoka Embu likaenda Chuka kwa Bwana Mutugi, fundi wa saa. Kutoka hapo lilipanda hadi Meru kwa Kanana, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyerithi kamera ya baba yake. Kisha liliteremka Nkubu kwa Mwalimu Muthamia, mwalimu mstaafu, ndipo likarudi Embu. Igoki hakuwa amewaona hata mmoja, lakini aliwajua kwa mwandiko. Bwana Mutugi aliandika herufi ndogo zilizobanana. Kanana alichora ua dogo kila alipomaliza jina lake. Mwalimu Muthamia, kwa kuwa maneno yake hayakutosha kwenye daftari, aliandika kwenye karatasi kubwa ya mistari na kuichomeka katikati.

Likizo ya Agosti, Shangazi alimwachia Igoki kamera walipokwenda Siakago kumwona Nyanya. Igoki alimpiga Nyanya picha moja akipepeta pojo uani. Picha iliposafishwa, aliipeleka shuleni ndani ya kitabu cha hesabu.

"Enyewe hii ni kali!" alisema rafiki yake Mwendwa. "Unaweza kuiuza kwa gazeti!"

Darasa zima lilimsifu. Shangazi akakubali ibandikwe katika daftari, na kwa wiki tano Igoki aliishi akingoja sifa zaidi kutoka Chuka, Meru na Nkubu.

Bahasha ilirudi Ijumaa moja ya Oktoba. Shangazi alikuwa bado ofisini. Igoki aliketi kitandani akaifungua. Bwana Mutugi alikuwa ameandika, "Nimeipenda." Kanana alikuwa ameandika kwamba alitamani kumjua nyanya huyo, kisha akachora lile ua lake. Igoki alitabasamu. Akaichomoa karatasi ya Mwalimu Muthamia.

"Nyanya huyu ameota mlingoti wa mkonge kichwani," iliandikwa. "Mpigaji hakuangalia kilicho nyuma ya mtu wake. Tena alisimama mbali kama anayeogopa kuumwa, hata uso hauonekani. Picha hii ilipigwa kwa haraka."

Aliitazama picha. Kweli, mkonge uliokuwa umesimama nyuma ya ua wa Nyanya ulionekana kama umemtoka utosini. Hakuwa ameuona kabla ya hapo, na sasa hakuweza kuona kitu kingine. Masikio yalimwaka moto. Aliwafikiria Mwendwa na darasa zima. Hakusoma zaidi. Aliikunja karatasi mara nne na kuisukuma katikati ya atlasi yake kuukuu.

Jioni Shangazi alipekua daftari mara mbili. "Ajabu! Mwalimu Muthamia hajaandika chochote? Yule haachi hata koma iliyokosewa!"

"Labda alikuwa na shughuli nyingi," alijibu Igoki, akiinamia sufuria ya ugali.

Shangazi alibandika picha nyingine, na Jumatatu daftari likaondoka tena. Igoki alijiambia kwamba yamekwisha.

Krismasi ilipita. Daftari lilirudi katikati ya Januari, na safari hii Shangazi ndiye aliyelifungua, Igoki akichungulia begani kwake. Katika ukurasa wa Kanana palikuwa na picha ya bibi harusi mbele ya kanisa. Gauni lilikuwa jeupe pe, maua yalikuwa mkononi, lakini mstari mpana mwekundu ulipita juu ya uso wake kama moto.

"Huyu ni dada yangu Beverlyne," Kanana alikuwa ameandika. "Mimi ndiye niliyeaminiwa kupiga picha za harusi yake, na hatukumwita mtu mwingine. Zote thelathini na sita ziko hivi. Niliuliza kuhusu mstari huu daftari lilipopita kwangu mara ya mwisho, lakini liliporudi kabla ya harusi sikukuta jibu la Mwalimu. Labda picha zangu hazifai kuandikiwa. Naomba nafasi yangu apewe mtu mwingine."

Chini ya jina lake hapakuwa na ua.

Mwalimu Muthamia alikuwa ameongeza mistari miwili tu: "Kanana, nilikuandikia. Sijui karatasi yangu ilipotelea wapi. Mwanangu, naomba unisamehe."

Igoki aliikumbuka karatasi aliyoificha. Alikwenda chumbani, akaitoa karatasi ndani ya atlasi na kuikunjua. Kwa mara ya kwanza aliisoma yote. Mwisho wa upande wa mbele, chini ya maneno yaliyomuuma, palikuwa na sentensi fupi: "Arudie. Anaweza." Akaigeuza. Upande wa nyuma ulikuwa wa Kanana.

"Mstari mwekundu si kosa la studio. Mwanga unapenya kwenye mlango wa nyuma wa kamera yako, kwa kuwa sponji yake imeoza. Ukishatia filamu, ziba ukingo wa mlango kwa utepe mweusi wa mafundi wa stima. Fanya hivyo kabla ya harusi."

Utepe mweusi. Kitu kilichouzwa katika kila duka la vyuma.

Igoki alirudi sebuleni akiishika karatasi kwa mikono miwili. "Shangazi," alisema. Alimwekea karatasi mapajani.

Shangazi Phyllis aliisoma mbele na nyuma. Alivua miwani.

"Uliificha kwa sababu ya mkonge?" Shangazi aliuliza.

"Ndiyo. Sikujua kuna ya Kanana nyuma. Haki sikujua."

"Najua hukujua. Lakini Mwalimu wa watu amelaumiwa, tena ameomba msamaha wa kosa lisilo lake. Utamwandikia nani kwanza?"

"Kanana."

"Hapana. Utaandika kwenye daftari, wote wasome. Jambo limeharibikia humo, litatengenezewa humo humo."

Igoki aliandika ukurasa mzima, akaufuta, akaandika tena. Hakusema posta ilichelewa, wala hakusema yeye ni mtoto. Alisema alichofanya na kwa nini, akaibandika karatasi ya Mwalimu pembeni ili pande zote mbili zisomeke.

Zile wiki za kungoja zilikuwa ndefu kuliko zote. Daftari liliporudi mwezi wa Machi, Bwana Mutugi alikuwa ameandika neno moja tu: "Nimesoma." Kanana alikuwa ameandika zaidi. "Nilikasirika sana. Babu alitoka Tigania akacheza harusini, na sasa hatuna picha yake hata moja. Lakini ulisema mwenyewe, hakuna aliyekulazimisha. Dada anasema gauni bado lipo." Chini kabisa, Mwalimu Muthamia aliandika: "Igoki aende Meru wakati wa likizo, aende na kamera. Nami nitafika."

Igoki na Shangazi walikwenda Jumamosi moja ya Aprili. Kanana alikuwa mfupi kuliko Igoki alivyomdhania, na mwanzoni wote wawili walitazama viatu vyao. Mwalimu Muthamia naye alikuwa mzee mdogo mwenye kofia ya sufu na sauti ya upole, hata Igoki akashangaa kama kweli ndiye aliyeandika yale maneno makali.

"Nisamehe, Kanana," Igoki alisema. Ilikuwa vigumu zaidi kuliko kuandika.

Kanana aliuma mdomo. "Nimekusamehe. Lakini picha zitoke."

Beverlyne alitoka nyumbani akicheka. Alikuwa na ujauzito wa miezi kadhaa, na gauni lilikataa kufunga mgongoni, ikabidi mama yake alibane kwa pini sita. Mumewe alivaa suti ileile. Igoki aliinua kamera, kisha akaishusha. Nyuma ya Beverlyne palikuwa na nguzo ya kamba ya nguo.

"Dada, sogeeni hapa penye uzio, tafadhali." Akapiga hatua mbele, kisha nyingine, hadi nyuso zikajaa kwenye kioo cha kamera. Akamwita Kanana. "Hebu angalia. Kuna kitu nyuma?"

Kanana aliangalia. "Kuku. Ngoja nimfukuze."

Igoki alipiga hadi filamu ikaisha. Ni wakati wa chai, watu wakiwa wameketi uani, Mwalimu Muthamia alipomgeukia Igoki.

"Maneno yangu yalikuwa makali," alisema. "Hilo ni kosa langu, na nitajirekebisha. Lakini kuna jambo nataka mlijue, wewe na Kanana. Sisi hatutumiani picha ili tusifiane. Sifa unaweza kuzipata hata kwa mtu ambaye hajaitazama picha yako. Anayekuonyesha kosa ameitazama kwa muda. Ukificha alichokuambia, unabaki na kosa lako, na huenda ukamnyima mwingine msaada aliouhitaji. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo."

"Lilikuwa limekua, Mwalimu," alisema Igoki kwa sauti ndogo.

"Lilikua. Picha ya babu akicheza harusini hatutaipata leo. Lakini ulisema kabla halijaondoka na rafiki. Haya, kunywa chai, itapoa."

Picha thelathini na nne kati ya zile thelathini na sita zilitoka vizuri. Beverlyne aliichagua moja ikatiwa fremu na kutundikwa ukutani. Ile ambayo Igoki aliipenda kuliko zote haikuwa ya bibi harusi. Ilikuwa ya Kanana, mikono yote miwili hewani, akimfukuza kuku, akicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Ndiyo aliyoibandika katika daftari, akaacha nafasi kubwa chini yake kwa ajili ya maoni.