Chai ya Theluji

Ilikuwa asubuhi nzuri ya mwanzo wa Machi, jua la kuota, na Jerusha alikuwa akipanda mlima na mtoto wa watu mgongoni, birika mkononi. Mabosi wake, Haroub na mkewe Nusra, Wazanzibari waliozaliwa Jeddah, walikuwa wameendesha gari jana yake kutwa nzima hadi milima ya Tabuk, kisa theluji. Ilikuwa imeanza kuyeyuka, matope yanaingia mpaka soksini. Wenyewe walitembea, yaya akabeba.

Juu, Nusra akaketi jiweni.

"Jerusha, hebu nchotee theluji safi unipikie chai. Wallahi n'na hamu nayo."

"Sawa, madam."

Akachota nyuma ya jabali, penye kivuli, peupe pe. Akabandika kwenye jiko dogo la gesi walilokuja nalo. Theluji nyingi, maji kiduchu: kikatoka kikombe kimoja tu, akapewa Ziyad, mtoto wao wa miaka minne. Kwa desturi ya nyumba ile, mfanyakazi haonji kwanza.

Jerusha akarudi kuchota tena. Ndani ya shimo lile lile akaona kama majani makavu. Akavuta. Zikaja nywele, ndefu, nyeusi, zimepigwa mafundo, na mwishoni zimeshikilia kipande cha ngozi chenye utelezi, kinanuka kama nyama iliyosahaulika mfukoni.

Angesema. Lakini ofisi iliyomtoa Nairobi ilimwonya: huko usishikwe na nywele mkononi, hata zako mwenyewe, utaitwa mchawi, na ukishaitwa mchawi nani atakutetea? Akazifukia. Akasema gesi imekwisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na haya hata hayakuwa maradhi yake, yalikuwa tumboni mwa mtoto wa mwenzake. Woga mbaya jamani.

Njiani kurudi Jeddah, mchana kweupe, Ziyad akaanza kukohoa kiti cha nyuma.

"Dada," akanong'ona, "kuna kitu."

Akafungua kinywa. Juu ya ulimi, unywele mmoja. Jerusha akavuta. Ukaja. Ukaendelea kuja. Umelowa ute mweupe. Una mafundo. Midomo ya mtoto ikageuka buluu. Akavuta kwa mikono miwili. Likatoka bonge zima, la baridi, likamjaa kiganjani. Ziyad akapata pumzi, akalia.

"Kuna nini huko?" Nusra akaanza kugeuka.

Dirisha halifunguki. Mfuko hana. Jerusha akalitia kinywani. Mafundo yakamkwaruza meno. Akameza.

"Amepaliwa tu, madam."

"Mpe maji basi."

Ziyad ni mzima, siku hizi anasoma. Jerusha alimaliza mkataba, yuko kwao Bungoma, na hali tena chakula mbele za watu. Kila Ijumaa hupanua kinywa, mdogo wake Velma akamshikia tochi. Nyuma ya ulimi huwa pamechomoza ncha nyeusi. Wanaikata kwa mkasi. Ijumaa ya pili imerudi. Hospitali walimpiga picha wakasema koo ni safi. Kinyaa gani hicho, Mungu wangu.

Wiki iliyopita Velma alikiacha kipande walichokikata mezani, nje juani, akaenda kutafuta kiberiti akichome. Aliporudi alikikuta kimegandia mbao, na barafu imekizunguka pande zote. Ilikuwa saa saba mchana.