Hapa Mtu Haombi Lake

"Huu wali umepikwa kwa mafuta gani?"

Mhudumu alimtazama mteja, akautazama wali, akarudi kumtazama mteja.

"Mafuta ya kupikia."

"Sawa. Ya mbegu au ya mnyama?"

"Mzee, mimi naleta sahani tu."

Mama Pasi aligeuza uso dirishani. Mazungumzo hayo aliyajua mwanzo mpaka mwisho. Sasa mumewe angeomba kuonana na mpishi, mpishi angetoka jikoni amekunja uso akidhani kuna mtu amekuta unywele, mumewe angeomba radhi mara chungu nzima, halafu wangeishia kula mkate mkavu na ndizi.

Ikawa hivyo hivyo. Mkate na ndizi.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mkewe naye alimwita Fundi. Nyama aliacha, samaki aliacha. Maziwa, mayai, siagi, mpaka asali, vyote alivipa kisogo tangu mkewe alipotoka hospitali. Na tangu hapo hakuwa na likizo tena. Kila akipata nafasi kazini, safari. Makaburi ya mawalii, makanisa yaliyochongwa kwenye mwamba, mahekalu yenye kengele, chemchemi ambayo unajimwagia maji ya baridi mpaka meno yanagongana. Hakuchagua dini. Mradi watu wanavua viatu mlangoni, Fundi yumo.

Wakitoka hapo, alimpeleka mkewe kwenye vituko. Nyumba iliyojengwa kwa chupa tupu. Uwanja wa mabehewa mabovu. Jumba la makumbusho la kufuli, ambalo ndani yake hamna kitu ila kufuli na mzee mmoja wa kukuonyesha kufuli. Zamani Mama Pasi angecheka mpaka ashike mbavu, maana vitu vya namna hiyo alivipenda. Siku hizi alivitazama, akasema "vizuri," akatafuta pa kukaa. Mwanamke anayesimama kutwa kwa dobi mbele ya meza ya kupigia pasi hana miguu ya kuchezea.

Huko kwa dobi ndiko alikopewa hilo jina. Hakuwa mama wa mtu. Wenzake walipoanza kumwita Mama Pasi alicheka tu, kwa sababu wakati huo bado alitarajia kupata jina jingine. Kisha akaugua, akafanyiwa upasuaji, akazinduka kizazi kimetolewa. Daktari alimwambia hapakuwa na njia nyingine.

Fundi hakuwahi kusema anaomba nini huko anakokwenda. Nadhiri haitangazwi, alisema. Lakini mwanamke asiye na kizazi, mumewe akizunguka kila mahali panapopokea maombi, ana haja gani ya kuambiwa? Anaomba mtoto. Anaomba muujiza. Na kila tiketi ya basi aliyomkatia ilikuwa kama kumwambia, mke wangu, wewe hunitoshi.

Halafu kulikuwa na zile simu za mama mkwe. Zikiita, Fundi anatoka nje. Majuzi Mama Pasi alimsikia dirishani akisema, "Mama, hilo usimwambie. Nakuomba, usimwambie." Akapiga hesabu mwenyewe, jibu likaja mke mwenza.

Simu yake ikatetemeka mezani. Ilikuwa ni meseji ya dada yake, anayekaa mji wa pili kwenye njia ile ile ya kurudia nyumbani.

"Chumba nimefagia, kitanda nimetandika. Umeshamwambia?"

Akajibu, "Leo. Tukitoka huko tuendako."

"Nani huyo?" Fundi akauliza.

"Dada. Anasalimia."

"Mwambie nasalimia pia."

Mama Pasi akainuka, akasema anakwenda msalani. Ndani alifunga komeo, akafungua mkoba, akatoa yai la kuchemsha. Alilimenya polepole ganda lisitoe sauti, akachovya kwenye chumvi iliyokuwa kwenye kikaratasi mfuko wa pembeni. Kila safari hicho kikaratasi kilikuwepo, naye kila safari alijiambia amesahau kukitoa. Akala amesimama, maganda akayatupa kwenye ndoo, akanawa mikono kwa sabuni ili asinuke. Mtu mzima na akili zake, anakula yai kwa kujificha kama mwizi. Alijitazama kwenye kioo akajihurumia.

*

Mahali penyewe palikuwa nyuma ya kiwanda cha matofali. Chumba kimoja kilichochimbwa kwenye ubavu wa kilima, mlango mfupi, na nje yake benchi. Kwenye benchi alikaa mama mmoja mnene anafuma soksi kwa sindano mbili.

"Viatu nje," alisema bila kuinua macho. "Mko wawili?"

"Wawili, mama," Fundi akajibu.

"Vizuri. Aliyekuja peke yake namrudisha."

Akawaeleza kama mtu aliyeeleza hayo hayo maisha yake yote. Aliyezikwa mle alikuwa msafiri. Alipougua akakata kauli, rafiki yake aliyekuwa naye njiani ndiye aliyemsemea mpaka dakika ya mwisho.

"Kwa hiyo hapa mtu haombi lake. Unamwambia mwenzako unachotaka, yeye ndiye anapiga magoti kwenye lile tundu la ukutani na kukusemea. Aseme kwa sauti, asinong'one. Mimi msinijali, sisikii vizuri."

Mama Pasi alimwona mumewe akibadilika rangi. Fundi akatazama saa, akatazama juu, akasema labda warudi, mawingu yale hayaeleweki, wasije wakakosa basi. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwona akirudi nyuma kwenye mlango wa mahali patakatifu.

"Tumepanda mabasi mawili kuja hapa," alimwambia. "Tunaingia."

Ndani palikuwa na ubaridi na harufu ya udongo. Kaburi lilifunikwa kitambaa kilichofuliwa vizuri lakini hakikupigwa pasi, na Mama Pasi alijikuta anaziona zile kunyanzi kabla ya kitu kingine chochote. Ukutani lilikuwepo tundu, pande zake zimelainika kwa pumzi za watu.

"Anza wewe," Fundi akasema.

Alikuwa amepanga kumwambia kwenye basi, watu wakiwepo, ili asiweze kupaza sauti. Sasa aliona heri amalize.

"Haya. Sema hivi: mke wangu anaomba kupumzika."

"Kazi ya dobi?"

"Kupumzika mbali na wewe, Fundi. Na hizi safari, na kuulizia mafuta ya wali, na simu za mama yako unazokwenda kupokelea nje. Nimechoka. Nateremka kwa dada, na sirudi nyumbani."

Alijiandaa kwa mengi. Alidhani atabembelezwa, au atafokewa.  Fundi alijifuta uso kwa kiganja, kile kiganja chenye weusi wa grisi ambao sabuni zote zimeshindwa kuutoa, akapiga magoti akaweka mdomo kwenye tundu.

"Mke wangu anaomba kupumzika," alisema kwa sauti, kama walivyoagizwa. "Anaomba kupumzika mbali na mimi. Naomba apewe."

Hayo ya mwisho hakumtuma. Yalimchoma kuliko yote.

"Inuka," Mama Pasi akasema, na sauti yake mwenyewe aliisikia imekwaruza. "Haya, sema lako nikuombee. Mtoto, siyo?"

"Mtoto gani?"

"Usinifanye mjinga."

"Sijawahi kuomba mtoto, mke wangu. Hata siku moja."

"Sasa unaomba nini?"

Fundi alikaa chini kwenye sakafu, mgongo ukutani, magoti kifuani.

"Siku ile daktari alitoka nje, wewe ukiwa kwenye meza ya upasuaji. Akasema damu haikati. Akasema anaweza kujaribu kukiokoa kizazi, lakini hana uhakika kama utatoka mzima. Au akitoe, upone. Mama alikuwepo. Mama akasema jaribuni kukiokoa, huyu ana nguvu, atapona. Mimi nikasema kitoeni."

Mama Pasi alipeleka mkono tumboni, pale pale kwenye mshono.

"Niliambiwa hapakuwa na njia nyingine."

"Mimi ndiye niliyemwomba daktari akwambie hivyo."

Nje zile sindano zilikuwa zinagongana. Fundi aliendelea, macho yake kwenye nyayo zake.

"Nilitoa kitu mwilini mwako bila kukuuliza. Pale kwenye benchi la hospitali nikaapa sitakula tena kitu kilichotolewa kwenye mwili wa kiumbe ambaye hakuulizwa. Nyama, maziwa, yai. Nyuki naye nani alimuuliza? Na nikaapa nitafika kila mahali watu wanapoombea."

"Kuomba nini, Fundi?"

"Unisamehe."

 Kwanza Mama Pasi alitaka kukaa, halafu alitaka kutoka, halafu hasira ikampanda, hasira ya kweli ambayo hakuwa nayo hata alipokuwa anapanga kuondoka. Kuondoka alikupanga kwa uchovu tu.

"Umekwenda kuomba msamaha wangu kwa watu waliokufa," alisema, "na mimi mwenyewe nimesimama mlangoni nimekushikia viatu."

"Niliogopa."

"Kila mahali?"

"Kila mahali. Nikiwa ndani najiambia, ukitoka hapa unamwambia. Nikitoka nakuona umeshika viatu, miguu inakuuma, nashindwa. Ndiyo maana nikawa nakupeleka kule kwenye chupa, kwenye kufuli. Nilijiambia akicheka tu, namwambia." Akasugua ule weusi wa kiganjani. "Hukucheka."

"Na simu za mama yako?"

"Anataka akwambie yeye. Anasema nilimnyima mjukuu. Namkataza."

Basi hapakuwa na mke mwenza. Mama Pasi alijitahidi kufurahia jambo hilo akakuta hawezi, si kwa wakati huo. Alikuwa anajiuliza swali ambalo hakuna aliyemuuliza. Kama angeamshwa pale mezani akaambiwa achague, angesema nini? Alijitafutia jibu la heshima, la mwanamke shujaa. Jibu lililokuja lilikuwa la kawaida kabisa. Alitaka kuishi.

"Ungeniuliza, ningesema kitoeni," alimwambia. "Hilo sina ugomvi nalo. Nina ugomvi na miaka yote hii. Nimelia peke yangu nikidhani unanilaumu, na wewe uko chumba cha pili unalia unadhani nitakulaumu. Tungelia pamoja, Fundi. Hata hilo umeninyima."

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele, naye hakuyafuta.

"Bado mmoja," ile sauti ya nje ikaita. "Wa pili sijamsikia."

Wakatazamana. Kwa mtu asiyesikia vizuri, mama yule alikuwa amesikia vya kutosha.

Mama Pasi akapiga magoti. Kutoka kwenye tundu alipuliziwa ubaridi usoni. Alianza, akakwama, akaanza tena.

"Mume wangu anaomba mke wake amsamehe."

Akabaki hapo, paji la uso kwenye ukuta, kama anayesubiri.

"Ukishasema unatoka," mama wa nje akasema. "Jibu halitokei hapo."

*

Mlangoni Fundi alitangulia. Mama Pasi alipoinama kutafuta viatu vyake hakuviona, kumbe mumewe alikuwa amevishika, vyote viwili, amevikung'uta vumbi. Akavipokea. Wakakaa kwenye jiwe kando ya njia ya kwenda kituoni, na hapo ndipo alipohisi njaa. Akafungua mkoba, akatoa yai la pili, akaligonga kwenye jiwe mbele ya macho ya mumewe bila hata kugeuka upande.

Fundi alinyoosha mkono kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba, akatoa kikaratasi, akakifungua, akakishika kiganjani mbele yake.

Mama Pasi aliitazama ile chumvi.

"Ni wewe unayeiweka?"

"Yai bila chumvi haliliki."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu safari ya chemchemi. Mkoba wako unanuka mayai, mke wangu. Nilikaa nao mapajani njia nzima."

Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Alicheka akiwa na yai mdomoni, akapaliwa, Fundi akampiga piga mgongoni, na kicheko chenyewe kikageuka kilio, cha sauti, cha kamasi, wapita njia wanawatazama. Fundi naye akalia. Wakalia pamoja pale kwenye jiwe mpaka ikawa hakuna aliyebaki na kitambaa kikavu.

"Sijakusamehe bado," alisema alipopata sauti.

"Najua."

"Siku nikikusamehe nitakwambia wewe. Sitauambia ukuta."

"Sawa."

"Na mama yako akipiga tena, nipe mimi niongee naye."

"Nitakupa."

"Na safari zimekwisha. Ukitaka kula nyama, kula. Yaliyobaki tutayamaliza mimi na wewe."

Fundi akafikiri kidogo. "Safari nimeacha. Nyama sitaki tena, nimeshazoea hivi. Ila kama kuna mahali pa ajabu unataka kwenda siku moja, wewe mwenyewe, nitakupeleka."

"Nikipumzika."

"Ukipumzika."

Simu ikatetemeka. Dada yake, "Umefika wapi? Maji ya kuoga nimeyabandika."

Mama Pasi akaandika, akafuta, akaandika tena. "Tunakuja wote wawili. Ongeza mto." Akaituma, akaitumbukiza simu kwenye mkoba, akajifuta chumvi vidoleni. Miguu bado ilimuuma. Fundi akambebea mkoba, wakaanza kuteremka taratibu kuelekea kituoni.

"Dada yako," Fundi akauliza walipokikaribia kituo, "wali anaupika kwa mafuta gani?"

"Utamuuliza mwenyewe."