Safu ya Kuondoka

Mke wangu alinicheka nilipokuwa nafunga begi. "Unaenda kutengeneza friji ya chanjo au kufungua duka la dawa?"

Acha acheke, nilisema. Chandarua nilibeba. Vidonge vya kusafisha maji nilibeba. Na kwenye fomu ya kuingia kisiwa nilikotumwa kikazi, ambako ndege hutua kila Alhamisi tu, nilijaza mpaka kundi la damu. O hasi. Mjinga mimi, tena kwa herufi kubwa.

Jumatano, friji imeshatengenezwa na kesho yake niondoke, nikajikata mguu kwenye matumbawe ya kisiwa hicho. Jua likizama nilichechemea hadi zahanati kusafishwa kidonda. Njiani watu waliniona, wakaingia ndani, wakafunga milango. Hata pole sikupewa.

Muuguzi hakuutazama mguu.

"Kunja mkono wa shati," alinong'ona.

"Dada, kidonda kiko mguuni."

"Tunajua kilipo. Kaa."

Chumba kilinuka dawa ya kupigia deki... na chini yake, nyama iliyoharibika. Mezani palikuwa na daftari. Mwalimu, mgeni. Mpima ardhi, mgeni. Daktari wa meno, mgeni. Kila mmoja na kundi lake la damu na tarehe aliyokuja. Safu ya kuondoka ilikuwa tupu, ukurasa mzima.

Wa mwisho nilikuwa mimi.

Nyuma ya pazia kitanda kikalia. Kwii... kwii...

"Ameshafika?" Sauti kavu, ya kizee.

"Ameshafika, bibi."

Pazia likasogea. Nikaona mkono, ngozi juu ya mfupa. Sindano ilikuwa imeshachomekwa humo. Mpira wake ulining'inia, ncha ya pili ikisubiri.

Nilikimbia hadi uwanja wa ndege, nikakesha langoni. Asubuhi muuguzi alikuja na daftari lake. Nikamsihi anijazie safu ya kuondoka.

"Haina kazi," alisema, akalifunga.

Sasa ni miezi mitatu niko nyumbani. Kidonda kimepona. Lakini kila Jumatano jua likizama usingizi hunibeba nikiwa kitini, nikiamka mkono wa shati umekunjwa. Daktari anasema damu inapungua na haoni inakokwenda. Naogopa, sifichi.

Jana, Jumatano, mke wangu alikaa kando yangu, kanishika mkono. Anaapa hakuna aliyeingia. Ila leo hacheki, na chai yake imepoa mbele yake.

"Baba watoto," ameniuliza taratibu, "ni bibi gani uliyekuwa unamwambia usingizini kwamba umeshafika?"