Jina la Mwashi

Haya yalimpata mjomba wangu, mdogo wake mama, na mpaka leo hapendi tuyataje. Lakini mimi alinisimulia mwenyewe, macho yake yakiwa sakafuni.

Mjomba ni fundi kompyuta. Karakana yake ni chumba kimoja katika nyumba kongwe ya mawe. Asubuhi moja mama mmoja mjane alimletea kompyuta ya marehemu mumewe, mwashi aliyetumia maisha yake kukarabati kuta za zamani.

"Aliandika kitabu humu," alisema. "Nitolee hicho tu, mwanangu. Mengine tupa."

Mjomba alihangaika na diski, na kufikia adhuhuri faili likafunguka. Akalinakili kwenye kompyuta yake ya mezani, akaanza kusoma ajue tu kama limekamilika. Chakula kikapoa. Humo marehemu mzee alieleza jinsi jiwe linavyogeuzwageuzwa mpaka lipate uso wake, na jinsi ukuta mzima unavyopumua mvua ikinyesha. Mjomba, ambaye hakuwahi kumaliza kitabu tangu aache shule, alisoma siku tatu.

Siku ya nne shetani akampitia. Alifuta jina la mzee kwenye ukurasa wa kwanza, akaandika lake.

Mchana yule mjane akaja.

"Pole, mama. Diski imekufa. Hakuna kilichopona."

Mama hakulia. Aliipangusa ile kompyuta taratibu kwa ncha ya mtandio, kama mtu anayempangusa mgonjwa uso, akaondoka nayo.

Mjomba akarudi kwenye faili. Jina la mzee lilikuwepo.

Akadhani alisahau kuhifadhi. Akafuta, akahifadhi. Likarudi. Akafuta tena. Ndipo aliposikia ukutani: ko. Ko. Ko. Tindo juu ya jiwe, kama mwashi akichonga.

Alitoka nje. Jua kali. Kinyozi wa jirani alikuwa akicheka na mteja wake. Ukutani hapakuwa na mtu.

Akaingia, akachomoa waya wa umeme.

Skrini haikuzimika.

Chini ya ukurasa wa mwisho palikuwa na mstari ambao hakuusoma siku zile zote tatu: "Umemwambia mke wangu nimekufa mara ya pili."

Ko. Ko. Sasa nyuma ya kiti chake. Hakugeuka. Alinakili faili kwenye flashi, akakimbia.

Kwa yule mama alipiga magoti mlangoni. "Nilikudanganya, mama. Kilikuwepo chote. Nilitaka kiwe changu."

Mama alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomchoma.

"Najua," alinong'ona. "Aliniambia nikiwa njiani kurudi."

Kitabu kilichapishwa kwa jina la mwenyewe. Mjomba hajasikia kitu tena. Ila kucha za mkono wake wa kulia zimejaa chokaa. Huzisugua kwa brashi, huzikata mpaka damu itoke. Akiamka, chokaa imo, tena mbichi. Siku hizi akisalimiana na watu hutoa mkono wa kushoto, na huomba radhi kabla hajaulizwa.