Ndizi za Mama yake Bi Lan

Jumamosi ile Debora alifagia uwanja wa kwao Mabwerebwere, Kilosa, akateka maji, akapiga pasi sketi yake ya shule, na muda wote huo mdomo wake haukupumzika. Alikuwa kiranja wa darasa la sita. Wapo wanaopewa cheo wakazidi adabu. Yeye alipopewa alijiona amemaliza dunia.

"Leo tunakwenda Mikumi na shule kutazama watu wanaokula vyura," alimwambia mama yake.

"Umewaona wakila?"

"Watu wanasema."

"Watu hao hao ndio wanaosema sisi wa Mamboya ni wachawi," mama alijibu, akimfungia vitumbua kwenye mfuko. "Shika chakula, funga mdomo."

Jengo la maduka la Wavietnamu lilikuwa kando ya barabara kuu. Mwalimu Melkizedek aliwaeleza wanafunzi kwamba familia za Wavietnamu kutoka Morogoro na Iringa hukutana hapo kila mwisho wa juma. Ndani, maduka ya vitambaa na vipuri vya pikipiki yalizunguka uwanja mmoja wenye paa. Wazee walicheza mchezo unaofanana na drafti, watoto walijifunza kuandika lugha yao, na sufuria ya supu ya tambi ilinukia tangawizi. Katikati palikuwa na jukwaa. Kikundi cha ngoma cha shule kilialikwa kucheza hapo saa nane.

"Kwani hili ni soko au sebule?" Debora alibeza. "Hata sisi Kilosa tuna ukumbi."

"Upi?" aliuliza Abubakari, mpiga ngoma wa kikundi, mtoto mpole mwenye shati la kiraka. "Ule wa saruji?"

Wenzake walicheka, kicheko kichungu. Ukumbi ule waliujenga babu zao, matofali wakiyabeba kichwani. Kisha wakubwa fulani, matumbo mbele, wakampa ufunguo mfanyabiashara mmoja akaugeuza stoo ya saruji. Waliouliza waliambiwa wangoje mkutano. Miaka tisa sasa, mkutano bado uko njiani; labda unatambaa. Ngoma za shule zinapigwa juani, kwenye vumbi.

Mlangoni mwa duka la Bi Lan, msimamizi wa jengo, palikuwa na kabati dogo jekundu. Juu yake paliwekwa picha ya bibi kizee, vijiti vya ubani vikifuka, na kichane cha ndizi mbivu. Wengine walipita. Debora alibaki nyuma.

"Bibi mwenyewe hana hata meno ya kulia," alijisemea, akanyofoa mbili. Alizila harakaharaka, maganda akayasukumia nyuma ya marobota ya vitambaa.

Bi Lan alipoona pengo kwenye kichane, uso ulimbadilika. Hakufoka. "Mwalimu, nani amekula ndizi hizi?"

Mwalimu Melkizedek hakuuliza swali hata moja. Mtu mzima, msomi mwenye vyeti ukutani, macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kile kiraka.

"Abubakari! Njaa yako itatuaibisha mpaka lini?"

"Mwalimu, mimi nimefunga. Ni Ramadhani."

"Kila mwizi akikamatwa anakumbuka dini! Piga magoti. Leo ngoma hupigi, na Jumatatu jina lako nalifuta kwenye kikundi."

Abubakari alipiga magoti, midomo mikavu tangu alfajiri.

"Ndizi si kitu," alisema Bi Lan kwa Kiswahili chake kisicho na kona. "Leo ni mwaka wa tatu tangu mama yangu afariki. Siku hii tunamwekea alichokipenda. Yeye kwanza, halafu sisi."

Debora aliikumbuka asili ya kwao. Kule Mamboya, kila mwaka kabla ya kupanda, bibi yake Agatha huweka unga na pombe kwenye kaburi la babu, na Jumapili hukaa benchi la mbele kanisani. Mwaka jana mbuzi aliulamba ule unga. Debora alimfukuza kwa fimbo hadi bondeni, na ukoo mzima ukamsifu.

Leo mbuzi alikuwa yeye.

"Ni mimi," alisema. Hakuna aliyesikia. Akarudia kwa nguvu, "Mwalimu, ni mimi! Mwinue Abubakari!" Akaenda nyuma ya marobota, akayaleta maganda, kila mtu akayaona.

Mwalimu alikohoa. "Haya, yameisha. Tuendelee na ziara."

"Hayajaisha," Bi Lan alimkata. "Huyu bado yuko chini."

Mwalimu aliinama. Akamwinua Abubakari kwa mkono wake mwenyewe. "Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe." Maneno yalimtoka kama mwiba wa samaki.

"Na mimi nisamehe," alisema Debora.

"Nimekusamehe, kiranja," Abubakari alijibu, akijipangusa magoti. "Ila kanawe. Unanukia ndizi, na mwenzio nimefunga."

Hata Bi Lan alicheka. Debora alinawa, akatoa vitumbua vyake, akavikabidhi kwa mikono miwili. "Shikamoo, Bi Lan. Kapika mama yangu."

"Marahaba. Mama yangu hakuwahi kuonja vitumbua." Akavipanga mbele ya picha, kisha akawageukia wote. "Sikilizeni, watoto. Ukikosa, sema mapema, kabla mwingine hajapigishwa magoti kwa kosa lako. Na jengo hili hatukuliokota. Tulichangishana, tukazozana, na ufunguo tukamnyima kila mwenye tamaa. Anayedharau vya wenzake huwa hana habari na vyake, na asiye na habari na vyake huibiwa mchana kweupe."

Saa nane Abubakari aliitikisa ngoma mpaka wazee wakaacha drafti yao.

Njiani kurudi Kilosa, Debora alisimama ndani ya basi. "Mwalimu, ufunguo wa ukumbi wetu alipewa nani?"

Mwalimu Melkizedek alitazama dirishani. Kisha macho yake yakaangukia vumbi lililobaki kwenye magoti ya Abubakari. Akalitaja jina.