Walidhani Nimenuna

Nina umri wa miaka arobaini na mitatu, mkulima wa viazi huku Kibirichia, Meru, mama wa binti mmoja, Kendi, aliye chuoni. Na nina wivu, wasomaji wenzangu. Sikatai. Mume wangu akimsalimia mwanamke mara mbili, mimi nanuna. Nikinuna, nafunga mdomo hadi nichoke mwenyewe. Kijiji kizima kinajua.

Msimu wa kuvuna, mdogo wangu wa kike, Karimi, alikuja kutoka Embu kutusaidia. Ni mrembo, ana maneno matamu, na Baba Kendi alianza kucheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa miaka. Asubuhi moja nilimwuliza kwa nini gunia la Karimi analibeba yeye, langu nabeba mwenyewe. Tukagombana vibaya.

Baadaye, nikichambua viazi, kiazi kiliniponyoka mkononi. Nikakiokota, kikaanguka tena. Mkono wa kulia ulikuwa mzito kama si wangu. Nilitaka kumwita Karimi, ulimi ukakataa. Nikaketi pale kando ya magunia, mdomo umevutika upande mmoja...

Baba Kendi alinitazama, akageuka. "Wacha anune," alimwambia Karimi. "Akichoka ataongea."

Ningemlaumu vipi? Nilijikokota hadi kitandani. Karimi aliniletea chai, ikapita njia mbaya, nikakohoa nusura nife. Alisema nimeikataa kwa hasira.

Kesho yake jirani yetu, Mama Mwenda, alikuja kuazima jembe. Mama yake aliwahi kuugua kiharusi, kwa hivyo aliponiona alishtuka. Aliniambia nicheke aone meno. Aliniambia niinue mikono yote miwili. Wa kushoto ulipanda, wa kulia ukaanguka. Aliniambia nitaje jina lake, nikatoa mlio tu.

"Baba Kendi, huyu hajanuna," alisema. "Hiki ni kiharusi. Tafuta gari saa hii."

Hospitalini Meru mjini nilipigwa picha ya kichwa. Damu ilikuwa imeganda na kuziba mshipa wa ubongo. Daktari aliuliza ilianza lini. Baba Kendi akamwambia ni jana. Alieleza kuwa wagonjwa wengine hupewa dawa ya kuyeyusha damu hiyo, lakini ni katika saa chache za kwanza tu. Kwangu muda ulikuwa umepita... Aliuliza pia kuhusu dawa za presha. Nilikuwa nimeziacha, kwa sababu kichwa hakikuwa kikiniuma!

Karimi alibaki kuniuguza. Nitasema ukweli hata kama unanichoma: aliniuguza vizuri. Kila siku alinimwagia viazi juu ya gunia, niokote kimoja kimoja kwa mkono mgonjwa, nitie kwenye ndoo, na nikitaje. "Sema kiazi, dada. Pole pole." Lakini alikuwa amevaa aproni yangu. Alijua sukari anayotaka mume wangu kwenye chai. Mnajua uchungu wa kulala chumbani ukisikia mumeo akicheka jikoni kwako?

Siku moja nikiwa dirishani niliwaona ghalani. Baba Kendi alimshika kiuno, na Karimi akaegemeza kichwa kifuani pake. Haikuwa mara ya kwanza. Watu wa mara ya kwanza huangalia mlango kwanza.

Kendi alipokuja likizo nilijaribu kumwambia. Nilitaka kusema baba, nikasema ndoo. Nilitaka kusema Karimi, nikasema kiazi. Binti yangu alilia, akadhani akili yangu imeharibika. Baba yake akamwambia ni ule wivu wangu wa zamani. Akili yangu ilikuwa nzima kabisa. Ni maneno yaliyokuwa yakipotea njiani.

Basi yale mazoezi niliyokuwa nikiyakwepa, nikayafanya kwa hasira. Nilichagua maneno machache, nikayarudia kila siku juu ya ile ndoo, moja baada ya jingine. Karimi aliona bidii yangu akanipongeza.

Miezi ikapita. Wanawake wa kanisa walikuja kuniombea, Karimi akawa anawamiminia chai. Nikamwita.

"Karimi... asante... kwa kunifundisha kuongea. Sasa... rudi Embu. Niachie... mume wangu."

Karimi aliweka chupa ya chai mezani, akaanza kuvua aproni yangu, lakini vidole vyake vilishindwa kufungua fundo. Baba Kendi alitoka nje. Hakukana.

Karimi aliondoka siku hiyo hiyo. Nimepoteza dada, na nguvu za mkono wangu hazijarudi zote. Mume ninaye. Ananipeleka kliniki, ananikumbusha dawa, ila kumsamehe bado najifunza, kama nilivyojifunza kusema kiazi.

Nawasihi, wasomaji... Mtu wenu mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakikwama, hata kama mmegombana asubuhi hiyo, msimpe chai wala msingoje achoke. Angalieni saa, tafuteni gari. Na dawa za presha msiache kwa sababu mnajisikia vizuri.

Mimi bado nanuna. Juzi Baba Kendi alichelewa sokoni, nikafunga mdomo. Alinitazama, akatupa kofia chini, akaja mbio, akapiga magoti mbele yangu.

"Mama Kendi, inua mikono. Yote miwili, tafadhali."

Niliinua yote miwili, wa kulia ukitetemeka. Nikamwacha aihesabu. Kisha nikaishusha, nikaendelea kununa.